Chupa Namba Kumi na Nne

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaendelea, tafadhali kaa. Nakujua wewe. Barua husomi, unaipitishia macho tu umesimama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkono mmoja, huku unamwambia mteja aache kuvuta tumbo ndani maana nguo itamuumbua akishaivaa. Hii isome umekaa. Afya yako siiulizi kwa desturi tu, naiuliza kwa moyo unaodunda: unalala? Unakula? Pale chini ya mbavu za kulia bado panakuuma ukiinama kutunga uzi? Mimi mwili hauna neno. Wenye maneno ni moyo, nao utausikia humu ndani.

Shemeji amefika salama. Yuko nje kwenye benchi la mlinzi, na gunia lake amelikunja magotini kama mtoto. Alifika saa mbili asubuhi na sasa inakaribia saa nane mchana. Ameshamaliza chai yangu, ameshamaliza na ya mlinzi, na amemweleza mlinzi kwamba aliyechomelea geti letu bila shaka alikuwa na kwikwi siku hiyo. Ameniambia kuwa umemtuma majani mengine, na kwamba safari hii mfuko hautoshi kwa sababu wateja wako wawili nao wameyataka. Atakaporudi atakuletea barua hii na gunia tupu. Mkono mtupu haulambwi, najua, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Nianze na jambo la miaka sita. Siku nilipokuambia nimepata kazi maabara, ulipiga kelele ya furaha mpaka mteja akatoka nje na koti lenye mkono mmoja. Ukasema ukoo wetu umepata daktari. Mimi sikusema ndiyo. Tatizo ni kwamba sikusema hapana pia. Tangu siku hiyo ukaniita Daktari, majirani wakaniita Daktari, na kila nikija likizo kuna mtu ananionyesha ulimi wake. Shemeji peke yake ndiye aliyewahi kuniuliza mbona daktari ana viganja vilivyochubuka kama vya dobi. Nikamjibu kuwa ni kemikali. Sikumdanganya. Sabuni nayo ni kemikali.

Dada, mimi ni mwosha vyombo. Nina sinki mbili za chuma, brashi saba, ya mwisho nyembamba kama mkia wa panya kwa ajili ya chupa zenye shingo ndefu, na kichanja cha kuanikia kinachofika darini. Juu ya sinki pamebandikwa karatasi ya masharti: sabuni mara moja, maji ya bomba mara sita, maji safi ya mashine mara mbili, kisha chombo kigeuzwe kichwa chini na kisiguswe mpaka kikauke. Mara sita ni mara sita, si tano na roho safi. Ndiyo kazi yangu, na naomba uamini kwamba kwa miaka sita niliifanya vizuri.

Lakini unajua macho yangu hayatulii. Nilijifunza kusoma chini ya cherehani yako, kwenye magazeti uliyokatia vielelezo vya nguo, kwa hiyo kila habari niliyoisoma utotoni ilikuwa haina kwapa au imekatwa shingo. Waziri amesema, halafu tundu. Watu tisa wame-, halafu ukosi. Nikazoea kujaza mwenyewe palipokatwa. Nilikuwa mwepesi sana wa kujaza, na wewe ukanisifu kuwa nina akili. Hapa maabara niliendelea vilevile. Nasugua chupa huku masikio yangu yako mlangoni, naokota neno hapa na neno pale, nafika nyumbani nina elimu yenye matundu, nayaziba mwenyewe.

Nikueleze wanachofanya hapa, safari hii bila kujaza. Wanatafuta mimea ambayo ndani yake mna viambata vya kuizuia saratani ya ini isisambae. Hawasemi kuiponya, wanasema isisambae, kwa sababu uvimbe uliotulia mahali pamoja unaweza kukatwa, lakini ukishapata njia ya kwenda mapafuni, kisu hakina tena pa kuushika. Kuna dada mmoja hapa tunamwita Mlezi, maana hizo seli za saratani anazilea ndani ya kabati la joto kama vifaranga, anazilisha hata Jumapili. Anazitandaza kwenye sahani ndogo mpaka zinaifunika chini yote kama mkeka. Kisha anachora mstari katikati kwa ncha ya plastiki, mkeka unapasuka, panabaki njia nyeupe. Anamimina maji ya mmea mmoja, anasubiri siku moja, anachungulia kwa hadubini. Kama seli zimetambaa kutoka kingo zote mbili na kuziba njia, mmea huo haufai kitu. Kama njia bado iko wazi, hapo ndipo watu wanapoanza kunong'ona.

Walikuwa na mimea arobaini, kila mmoja kwenye chupa yenye namba. Chupa niliziosha mimi.

Sasa kumbuka wiki ile. Ndiyo wiki uliyotoka kupimwa, ukanipigia simu ukicheka, ukaniambia wamekuta kitu kwenye ini, sentimita tatu, na kwamba umeshachukua utepe wako ukapima ukaona ni kifungo cha koti tu, tena si koti la maana. Ukasema huwezi kumfungua mtu mzima kwa ajili ya kifungo. Daktari wa upasuaji alikuwa amekupa tarehe, Jumatano ya wiki ya tano, akakueleza kuwa kifungo hicho bado kimetulia na ndiyo bahati yako. Nilicheka na wewe. Nilipokata simu nilikaa juu ya ndoo.

Siku mbili baadaye Profesa wetu, mama mwenye sauti ndogo lakini akisema inatosha, alikuwa anawafundisha wenzake kuhusu ini kwenye chumba cha pili. Nilitaka nisikie kila neno. Zilikuwa zimebaki chupa chache kwenye sinki, ya mwisho ikiwa ya shingo ndefu, na somo lilikuwa limeanza. Nikaenda kusikiliza. Hilo nitalirudia baadaye, nipe nafasi nipumue.

Baada ya siku chache Mlezi alitoka kwenye chumba chake akiwa amevua barakoa, jambo asilolifanya kamwe, akaita watu. Sahani zote njia ilikuwa imezibwa, isipokuwa moja. Sahani ya namba kumi na nne ilikuwa na njia wazi, pana, hakuna seli hata moja iliyonyanyua mguu. Watu walikumbatiana. Mimi pia niliitwa nichungulie, na Profesa akasema mbele ya wote kwamba hata mwosha vyombo ana sehemu yake, kwani chombo kisafi ni nusu ya utafiti. Nilivishwa kilemba, dada, na sikujua kuwa ni cha ukoka. Nilitembea wiki nzima nimeinua shingo.

Mti wa namba kumi na nne umepandwa hapa hapa, nyuma ya stoo. Jumamosi ile nilichuma majani nikajaza mfuko, nikapanda basi nikakuletea. Ulinipokea kama mwana wa mfalme. Shemeji, akiwa amepandisha miwani yake ya kuchomelea kwenye paji la uso, alisema kuwa kwa anavyojua yeye majani hula mbuzi, na hajawahi kuona mbuzi akimtibu mtu. Ukamwambia anyamaze, Daktari anazungumza. Na mimi nikazungumza. Nikakuambia uchemshe mpaka maji yawe rangi ya chai, kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, kabla ya chakula. Kwa uso mkavu kabisa.

Kipimo hicho hakuna aliyenipa. Nilikitunga ndani ya basi.

Wewe ukaniuliza kama basi upasuaji bado una haja. Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Nilipaswa kukuambia nenda, majani yatasubiri. Badala yake nilikohoa kidogo kama wanavyokohoa wakubwa, nikasema tusiwe na haraka, tuyape majani nafasi yake. Niliona mabega yako yanashuka kwa raha. Ulikuwa unaogopa kisu, na mimi nikakupa sababu ya kukikimbia, yenye rangi ya kijani na jina la sayansi.

Maabara kitu hakiaminiki mpaka kirudiwe. Wakachuma majani mengine ya kumi na nne, wakayasaga, wakatia kwenye chupa mpya. Mlezi akachora mstari wake. Siku ya pili njia ilikuwa imezibwa, unaweza kudhani haikuwahi kuwepo. Wakarudia. Imezibwa. Hapo kukawa na kukuna vichwa. Mmoja akasema labda majani ya kwanza yalichumwa asubuhi na ya pili mchana. Mwingine akasema labda ni msimu. Mlezi alipungua hata mwili. Mimi nilikuwa nasugua, nasikiliza, na nilikuwa nimeshaanza kuikumbuka siku ile ya somo.

Ijumaa, siku kumi na moja zilizopita, wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Ile chupa ya kwanza ya kumi na nne, yenye shingo ndefu, ilikuwa imerudishwa kwangu ikisubiri kuoshwa, na ndani hakukuwa na kitu zaidi ya doa la kijani. Nilitia maji ya bomba kidogo tu. Sikutia sabuni. Nikaziba mdomo wa chupa kwa kiganja, nikatikisa.

Likapanda povu.

Dada, povu la majani nalijua, ni jembamba na hufa upesi. Hili lilikuwa jeupe, nene, limepanda mpaka shingoni na likakaa. Nilinusa. Ilikuwa sabuni yangu mwenyewe, ya dumu la bluu. Siku ile ya somo la Profesa chupa hiyo niliisuuza mara mbili. Mara mbili badala ya mara nane, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kusikiliza jinsi ya kumwokoa dada yangu. Zile seli hazikuzuiwa na jani. Zililishwa sabuni, zikafa zikiwa zimesimama.

Na sasa nimefika mahali ambapo sina uso wa kukutazama, hata kwenye karatasi. Nilichofanya baada ya hapo si kumwita Mlezi. Niliiosha ile chupa. Sabuni mara moja, bomba mara sita, mashine mara mbili, kwa utaratibu wote uliobandikwa ukutani. Nikaigeuza kichwa chini kwenye kichanja. Sijawahi kuosha chombo vizuri kama nilivyoosha ushahidi ule.

Ilikuwa Ijumaa. Tarehe yako ya upasuaji ilikuwa Jumatano iliyofuata. Nilikuwa na siku tano nzima.

Nilikupigia Jumamosi. Kabla sijafungua mdomo ukaanza kunishukuru, ukasema umeshawaambia wa hospitali wampe kitanda chako mtu mwenye shida kweli. Nikakuuliza habari za mvua. Nilikupigia tena Jumanne jioni nimepiga moyo konde, nimeandika na maneno kwenye kipande cha karatasi. Ukaniambia kuwa unashona sare za shule, dazeni tatu, nguvu zimerudi, na kwamba umemwambia kila mteja kuwa mdogo wako ndiye aliyekurudishia uhai. Nilikikunja kile kikaratasi. Nikasema vizuri sana dada, endelea. Nilisema endelea, kwa sababu neno lile la "mdogo wangu Daktari" lilikuwa tamu, na nilitaka kulisikia siku moja zaidi. Jumatano ikapita. Saa ile ambayo ungekuwa mezani pa daktari, mimi nilikuwa nasuuza chupa na kuhesabu kwa sauti mpaka nane, kana kwamba kuhesabu leo kunarudisha hesabu ya jana.

Leo asubuhi shemeji alipofika na gunia lake, akanitania kama kawaida, akasema jamaa wa mbuzi amekuja kuchukua mzigo. Kisha, katikati ya utani, akaongeza kuwa macho yako tangu juzi yana umanjano kidogo, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, na kwamba wewe umemwambia ni majani yanafanya kazi, uchafu unatoka. Aliniuliza kama ndivyo. Aliuliza kwa heshima, dada. Kwa mara ya kwanza tangu akuoe alinitazama kama daktari kweli.

Nilimwambia akae asubiri. Nilikwenda moja kwa moja kwa Profesa, mikono bado ina povu.

Sikupigiwa kelele, ningependa nipigiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwita Mlezi naye asikie. Mlezi alikaa chini akaficha uso, maana miezi miwili ya kazi yake ilikuwa imeyeyuka, na kuna wenzao wa nchi nyingine walioandikiwa barua ya furaha ambao sasa wataandikiwa ya aibu. Profesa akaomba aione chupa. Nikasema nimeiosha. Halafu akaniambia kuwa kosa la kusuuza ni la mkono, na mkono huchoka, na kama ningemletea chupa ile ikiwa na povu lake angenishukuru, kwa sababu kosa lililokamatwa nalo ni kazi. Lakini nilichoosha si chupa, alisema, niliuosha ukweli, na ukweli haukuwa chombo changu.

Kisha nikamwambia habari zako. Hapo ndipo aliposimama. Aliniambia kwamba hata kama namba kumi na nne ingekuwa na nguvu za kweli, kinachozuia seli kwenye sahani bado si dawa. Sahani haina tumbo, haina damu, haina figo. Kwenye sahani hata sabuni inaizuia saratani, hata moto unaizuia. Mimea imewahi kutoa dawa, ndiyo maana wako hapa, lakini kati ya sahani na kikombe cha mgonjwa kuna miaka na watu wengi wa kuhakikisha, si mtu mmoja ndani ya basi. Na akasema kuwa ini lenye ugonjwa ndilo hupata taabu ya kuchuja kila kitu tunachokunywa, na kwamba majani yasiyopimwa yanaweza kuliumiza zaidi. Aliposikia umanjano, alinyanyua simu mbele yangu.

Sikia basi, na hapa ndipo barua yangu yote ilipokuwa inakuja. Daktari wako wa upasuaji amepatikana. Amesema uje Alhamisi hii, keshokutwa, saa mbili asubuhi. Watakupima upya. Kama kifungo bado kiko mahali pake, kitanda kipo na watakata wiki hii hii. Kama kimesogea, hakuniambia itakuwaje, na mimi sikujaza. Majani yote mwaga leo, yaliyokauka na yaliyo sufuriani. Usinywe hata kikombe cha jioni. Vilevile wale wateja wawili, nenda mwenyewe kwao kabla ya giza ukawaambie wasiyaguse, na ukitaka uwaambie ni nani aliyekudanganya na kazi yake ni nini.

Shemeji nimemwambia yote ana kwa ana, hapo kwenye benchi, nusu saa iliyopita. Nilidhani atanirukia. Alilikunja lile gunia likawa dogo, likawa dogo zaidi, mpaka likaenea kiganjani. Hakunitania. Aliuliza tu basi la kurudi kwenu leo hii linaondoka saa ngapi.

Mimi nitakuwa mlangoni mwa wodi tangu saa kumi na mbili, nimeomba ruhusa. Kama ndiyo ruhusa ya mwisho kazini hapa, Profesa hajasema. Siji kama daktari. Nitakuja kubeba mfuko wako na kukaa popote utakaponiambia, hata nje. Najua unaogopa kisu na najua ni mimi niliyeulea woga huo. Uogope, lakini uje nao. Na kama ni kofi, ninalo deni lako, nipige Alhamisi kabla hawajakulaza usingizi. La pili nitalisubiri uamke. Hilo la pili, dada, ndilo ninaloliomba kuliko kitu chochote.

Wasalimie wote nyumbani. Mwambie jirani anayenionyesha ulimi aende zahanati. Mumeo mpe chakula, hajala tangu asubuhi ila chai za watu.

Ni mimi mdogo wako,
mwosha vyombo.